Sakafu ya Mbao Nyumbani: Kuchagua Mbao na Kuzipigilia

  Leo nitazungumza nanyi, ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, habari za sakafu ya mbao. Wewe unayesoma karatasi hii baada ya kusikiliza, soma polepole, na pale penye hesabu uifanye mwenyewe kabla ya kutazama jibu langu.

Huenda wako watakaouliza, "Mwalimu, nyumba zetu zina sakafu ya udongo, na wenye uwezo wana ya saruji. Mbao za nini?" Swali hilo ni la haki. Ninyi mnaokaa Lindi au Dar es Salaam, ambako mtu hulala chini mchana ili apate ubaridi wa saruji, hamna haja kubwa ya sakafu ya mbao. Lakini ninyi wa Njombe, Makete, Mufindi na Lushoto mnajua mwezi wa Juni na Julai ulivyo. Mtu akishuka kitandani alfajiri, miguu inakuwa kama imetiwa mtoni. Kwa mzee mwenye maumivu ya viungo, na kwa mtoto anayetambaa, jambo hilo si dogo. Maneno yangu ya leo ni ya watu wa nchi za baridi kwanza. Hata hivyo mtu wa pwani asizime redio, maana yale nitakayosema juu ya kununua mbao yanafaa pia kwa mlango, kitanda na paa.

Tufanye jaribio. Msimamizi wa kikundi, tafadhali weka kipande cha ubao juu ya saruji na ukiache humo chumbani usiku kucha. Asubuhi avue viatu mtu mmoja, aweke mguu wa kulia juu ya saruji na wa kushoto juu ya ubao. Ataona saruji ni baridi na ubao una vuguvugu. Lakini vitu hivi viwili vimelala chumba kimoja na baridi yao ni moja. Kwa nini basi miguu haioni sawa? Ni kwa sababu saruji hunyonya joto la mguu wako upesi na kulipeleka chini, na ubao hulinyonya polepole. Ubao haukupi joto. Unakuachia lile ulilo nalo.

Sasa nitawaeleza kosa nililofanya mimi mwenyewe, ingawa mtu mwenye stashahada ya Chuo Kikuu hapendi kusema makosa yake redioni. Mama yangu anakaa Njombe. Miaka michache iliyopita nilitaka kumtengenezea chumba cha kulala chenye sakafu ya mbao. Nikaenda kwa muuza mbao mmoja mwezi wa Machi, mvua zikiwa kubwa, nikachagua mbao za msonobari, inchi 1 kwa 6. Zilikuwa nyeupe, zimenyooka, na zinanukia vizuri. Nikamwuliza, "Zimekauka?" Akajibu, "Zimekauka kabisa, bosi." Nikalipa. Juma lile lile fundi kijana akazipigilia. Zilibanana hata wembe usingepita. Mama alifurahi akawaita majirani waje kuona.

Ilipofika Agosti, kati ya ubao na ubao palikuwa na nafasi ya kutosha penseli kulala. Usiku mmoja mama aliamka kwenda nje, na ncha ya mkongojo wake ikazama katika nafasi hiyo. Akaanguka. Nashukuru hakuvunjika, lakini nyonga ilimuuma kwa majuma sita, na hakutaka tena kulala chumba kile. Aliniambia, "Mwanangu, nirudishe kwenye udongo wangu. Udongo haunitegi."

Nikamwita mzee mmoja seremala, jirani yetu, atazame. Alipiga magoti, akaingiza kidole katika nafasi, akacheka kidogo kwa adabu. "Mwalimu," alisema, "wewe hukununua mbao. Ulinunua maji, na maji yamekwenda zake."

Mti unapokatwa umejaa maji. Maji hayo yanapotoka, ubao husinyaa. Lakini hausinyai sawa pande zote. Kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana, ila kwa upana husinyaa sana. Mbao zangu za inchi 6 zilisinyaa robo inchi kila moja. Robo inchi ni kitu gani? Chumba cha mama kina upana wa futi 12, yaani inchi 144. Gawanya kwa 6, unapata mbao 24. Sasa 24 mara robo inchi ni inchi 6. Maana yake, upana wa ubao mmoja mzima ulipotea, ukagawanyika kuwa mitego midogo chumba kizima. Msonobari haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kuamini sikio badala ya mkono na mizani.

Nasema mizani kwa kuwa iko njia ambayo mtu yeyote anayejua kujumlisha, kutoa na kugawanya anaweza kupimia ubao. Omba kipande kidogo cha ubao unaotaka kununua, si cha ncha, maana ncha hukauka mbele, bali kilichokatwa katikati ya ubao. Kipime hapo hapo kwa mizani ya duka inayoonyesha gramu. Andika. Kisha kikaushe nyumbani juu ya jiko, kwa moto mdogo sana ili kisiungue, na ukipime tena na tena mpaka uzito usipungue tena. Andika uzito huo wa mwisho. Mfano: kipande kilikuwa gramu 650, na kilipokauka kabisa kikawa gramu 500. Maji yaliyotoka ni gramu 150. Gawanya 150 kwa 500, zidisha kwa 100. Jibu ni 30. Ubao huo una maji asilimia 30, nao haufai. Kama ungekuwa na gramu 560 ukashuka hadi 500, maji ni gramu 60, yaani asilimia 12. Ubao wa asilimia 12 hadi 14 ndio wa kupigilia chini.

Kama mbao ni mbichi na bei yake ni nzuri, zinunue, lakini uzikaushe mwenyewe. Tafuta mahali penye kivuli na upepo, chini ya paa, pasipo kuta za kuzuia hewa. Panga matofali, upange mbao juu yake kwa tabaka, na kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya unene mmoja, kila baada ya futi 2. Angalia sana: kijiti cha juu kiwe sawasawa juu ya kijiti cha chini, kama mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Vijiti vikienda ovyo, mbao zitakauka zikiwa zimepinda, na ubao uliokauka umepinda hata babu wa maseremala hawezi kuunyoosha. Paka rangi au lami kwenye ncha ili zisipasuke. Weka mawe mazito juu. Mbao laini za unene wa inchi 1 zitataka miezi michache. Mbao ngumu zitataka zaidi. Usihesabu siku, pima kwa mizani.

Tuje kwenye aina za miti. Wengi wa nyanda za juu watanunua msonobari, kwa kuwa unapandwa huko huko. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali Tanzania. Msonobari ni mwepesi, unakubali randa na msumari, na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Ubaya wake ni mbili: ni laini, hivyo mguu wa meza na kisigino chembamba cha kiatu huacha alama, na mchwa wanaupenda kama sisi tunavyopenda ugali. Kwa hiyo nunua ule uliotiwa dawa kiwandani. Usiutumie bila dawa karibu na ardhi hata ukipewa bure.

Mkaratusi ni mgumu na sakafu yake ni imara, lakini unapokauka una ukaidi: hupasuka na kujisokota. Ukiuona umekwisha kukauka na bado umenyooka, ununue bila kusitasita. Mtiki ni mti wa kigeni uliozoea kwetu. Unapandwa Longuza, Muheza, na mahali pengine. Hausinyai sana na mchwa hawauli kwa urahisi. Mvule nao ni mzuri, ila wakati mwingine umeficha ndani yake mawe madogo magumu ambayo hula meno ya msumeno. Mninga husinyaa kidogo kuliko karibu miti yetu yote, na rangi yake kila mtu anaijua. Mkongo, ambao watu wengi wa pwani huuita mbambakofi, ni mgumu na hudumu. Kama ningekuwa tajiri ningeukanyaga huo.

Lakini mimi si tajiri, na miti hii ya asili inapungua. Mwaka 2022 mataifa yaliyokutana Panama yaliiweka jamii ya mninga na jamii ya mkongo za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake baina ya nchi na nchi inaangaliwa. Hapa kwetu, kukata mti wa asili kunahitaji kibali, na kusafirisha mbao kunahitaji hati kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Muuzaji akikuletea mninga usiku kwa bei ya msonobari, mwombe risiti na hati. Akianza kukohoa, mwache aende. Mbao zikikamatwa ukiwa nazo bila karatasi, ni wewe utakayeulizwa. Hii ndiyo faida mojawapo ya kujua kusoma: karatasi ya mbao uisome mwenyewe, uone jina, tarehe na idadi.

Ukisimama mbele ya rundo, usichague kwa rangi tu. Inua ubao, ulete ncha yake kwenye jicho, ufumbe jicho la pili, utazame mpaka mwisho wake kama mtu anayelenga bunduki. Mpindo wote utauona. Kisha tazama ncha yenyewe, kwenye mistari ya miviringo ya mti. Mistari ikiwa imesimama wima, ubao huo utasinyaa kiasi cha nusu tu ya ule ambao mistari yake imelala. Mwenye kuuza hatakutoza zaidi kwa mistari kusimama, kwa hiyo chagua hizo kwanza. Na katika mti wowote, hata mninga, sehemu ya nje iliyo nyeupe ni chakula cha wadudu. Ubao wenye weupe mwingi uache.

Sasa tupigilie. Hapa sitaeleza kila kitu, maana fundi wenu yupo. Nataka ujue mambo ambayo ukiyaona yanaachwa, useme.

Jambo la kwanza ni hewa. Sakafu ya mbao isilale juu ya udongo. Ondoa mizizi, magome na majani yote chini ya chumba, ushindilie udongo, kisha jenga vijiguzo vifupi vya matofali, kila futi 4. Juu ya kila kijiguzo weka kipande cha bati kilicho kipana kuliko kijiguzo, na kingo zake uzikunje kuelekea chini. Mchwa hujenga njia yake ya udongo juu ya tofali. Akifika kwenye bati hulazimika kuzunguka nje, nawe utaiona njia yake na kuivunja. Bati halimwui. Linamfichua tu. Katika kuta, chini ya usawa wa sakafu, acha matundu ya hewa pande mbili zinazoelekeana, yenye wavu wa kuzuia panya. Nimeona nyumba ambayo mwenyewe aliyaziba matundu hayo kwa matambara kwa sababu ya baridi. Baada ya miaka miwili mbao zilikuwa laini kama mkate.

Juu ya vijiguzo weka boriti za inchi 2 kwa 4, zisimame kwa upande mwembamba, na kutoka katikati ya boriti moja hadi katikati ya nyingine iwe inchi 16. Zipimwe kwa pima maji moja moja. Boriti ikiwa chini, weka kipande cha bati au ubao mgumu chini yake. Usikubali kuambiwa kwamba mbao zitajinyoosha zenyewe.

Kabla ya kupigilia, ingiza mbao ndani ya chumba hicho hicho na uziache majuma mawili, zikiwa na vijiti kati yake, ili zizoee hewa ya mahali zitakapokaa. Fundi mwenye haraka hapendi jambo hili. Mpe kazi nyingine.

Mbao nzuri za sakafu zina ulimi ubavu mmoja na mfereji ubavu wa pili, ulimi wa huu unaingia katika mfereji wa ule. Ubao wa kwanza ndio unaotawala zingine zote: nyosha uzi kutoka ukuta hadi ukuta, uufuate uzi, usiufuate ukuta, maana kuta zetu nyingi hazikunyooka. Acha nusu inchi kati ya ubao na ukuta pande zote. Nafasi hii watu huionea wasiwasi, lakini wakati wa masika ubao hunywa unyevu na kupanuka, na ukikosa mahali pa kwenda utanyanyuka katikati ya chumba kama mgongo wa ng'ombe. Nafasi hiyo itafichwa na ubao mwembamba wa pembeni, ambao unapigiliwa kwenye ukuta, si kwenye sakafu.

Msumari wa inchi 2 na nusu unatosha ubao wa inchi 1. Upigwe kwa mshazari juu ya ulimi, ili ubao unaofuata uufiche. Nyundo isigonge ulimi wenyewe. Weka kipande cha ubao mbovu, ugonge hicho. Ncha za mbao zikutane juu ya boriti, na maungo yasifuatane mstari mmoja. Na chonde chonde, kila jioni fundi akusanye mabaki na unga wa randa kutoka chini ya sakafu. Nilipofungua sakafu ya mama nilikuta nusu gunia la mabaki. Ilikuwa kama tumewaandalia mchwa karamu na kuwaonyesha njia.

Kama una saruji tayari na unataka kuweka mbao juu yake, saruji mpya iache ikauke mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Kisha bandika kipande cha nailoni juu yake, kingo zote zizibwe, ukiache siku nzima. Ukikuta matone chini ya nailoni, saruji bado ina maji. Ngoja.

Kumalizia ni msasa, ukifuata nyuzi za ubao, kisha vanishi au mafuta ya kitani. Hapa nisikilizeni vizuri. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa pembeni huweza kushika moto yenyewe, bila kiberiti. Yaanike nje yakiwa yamekunjuliwa mpaka yakauke, au yatie katika ndoo ya maji.

Sakafu hii haioshwi kwa ndoo. Tumia tambara lililokamuliwa. Na jiko la mkaa lisiwekwe juu yake. Wala lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa, hata kama sakafu ni ya saruji, hata kama mkaa umekolea na hautoi moshi. Hewa ya sumu ya mkaa haionekani na haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia ya familia zilizolala nayo zisiamke. Mama yangu alikuwa na desturi hiyo ya kuingiza jiko, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nihangaike na mbao tangu mwanzo.

Tuliing'oa sakafu yake, yule mzee na mimi, mwezi wa Septemba. Mbao zilikuwa zimekwisha kukauka sasa, basi tulizirudisha zile zile, tukazibana upya, na kuongeza tatu: moja ya kuziba inchi 6 zilizopotea, na mbili badala ya zilizopasuka tulipong'oa misumari. Mama alisimama mlangoni siku mbili akitutazama bila kusema neno. Siku ya tatu aliingia, akapitisha ncha ya mkongojo wake juu ya kila ungo, kutoka ukuta hadi ukuta, kama mkaguzi wa shule. Kisha akamwambia mjukuu wake alete godoro.

Sasa hesabu za nyumbani. Ya kwanza: kipande cha ubao kilikuwa gramu 620, kikakauka kikawa gramu 500. Kina maji asilimia ngapi, nawe utanunua au utaacha? Ya pili: chumba kina upana wa futi 11 na urefu wa futi 12. Mbao ni za futi 12, na kila moja, ikiisha kupigwa randa na kuingia ulimi wake, hufunika inchi 5 na nusu. Unahitaji mbao ngapi? Ongeza moja kwa kila kumi kwa ajili ya zitakazoharibika. Msiisahau ile nusu inchi ya ukutani, lakini kwa leo iacheni nje ya hesabu. Tutasahihisha pamoja wiki ijayo, saa hii hii.